Tembe za Tryphena

Zephaniah alikuwa na hasira ya miaka saba, na aliitunza vizuri kuliko alivyolitunza koti lake la harusi. Haikuwa hasira ya kelele. Alipokutana na dada yake Tryphena kwenye misiba na ubatizo alimpa mkono, akauliza habari za watoto, akajibiwa, kisha akaenda kukaa upande wa pili wa uwanja. Watu wa Mbololo, ambao hawapitwi na kitu, walijua. Mama yao, Wakio, alijua kuliko wote, ila alikuwa akingoja siku yake.

Kisa chenyewe kilikuwa baba yao. Mzee alifariki mwaka wa sabini, wakati wa mvua, Zephaniah akiwa kwenye ranchi huko chini ya Voi, alikokuwa msimamizi wa mifugo. Yeye ndiye mtoto wa kiume pekee. Habari zilipomfikia aliwaacha ng'ombe kwenye josho, akapanda mlima kwa miguu, matope mpaka magotini, na alipofika nyumbani akakuta wanawake wanaosha sufuria. Baba alikuwa amekwisha kuzikwa. Aliyeamua ni Tryphena. "Mchungaji alikuwa na safari ya Taveta," alimwambia, "na sisi hatukujua utafika lini." Alisema hayo tu, akarudi kusugua sufuria yake. Zephaniah alisimama mbele ya tuta la udongo mbichi ambalo mkono wake haukutia hata konzi moja, na tangu siku hiyo kuna kitu kilimkaa kifuani kikakataa kushuka.

Mwaka wa sabini na saba akaambiwa ranchini kwamba Tryphena amekatwa titi la kushoto huko Mombasa. Ni kansa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimhurumia, tena kwa dhati, lakini hasira haikuhama. Ilijisogeza kidogo tu, kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi, na huruma ikakaa kando yake.

Wiki chache baadaye alikwenda Voi kuchukua dawa za mifugo, akamkuta dada yake amekaa kwenye benchi, barazani mwa hospitali ya misheni. Alikuwa amekonda, lakini leso yake ya kichwani ilikuwa imefungwa kwa unadhifu wake uleule wa siku zote. Mumewe, Hudson, alikuwa mtu wa reli na alikuwa amehamishiwa mbali, kwa hiyo Tryphena alikuwa amerudi Mbololo kuuguzwa na mama. Kumpita haikuwezekana. Zephaniah aliweka kikapu chake chini, akaketi.

"Wamekupa dawa gani?" aliuliza, maana lazima mtu aseme kitu.

"Tembe. Daktari anasema ni majaribio. Nameza siku tatu, naacha, baada ya wiki mbili nameza tena." Akamwonyesha bahasha ndogo. "Jina lenyewe linavunja meno. Levamisole."

Zephaniah alimwangalia. Kisha akainama, akatoa kopo moja kikapuni, akaligeuza, akasoma maandishi yake polepole. Akayarudia. Kabla hajajizuia, kicheko kikamtoka.

"Unacheka nini, kaka?"

"Tryphena, hii ni dawa ya minyoo. Jana nimewanywesha zizi zima la mbuzi."

Alidhani atamkasirisha. Tryphena alilitazama lile kopo, akaitazama bahasha yake, akalitazama kopo tena.

"Yaani nimekatwa titi, nimeshinda Mombasa mwezi mzima, halafu nakuja kunyweshwa dawa ya mbuzi?"

"Na kondoo."

"Na wao wanaendeleaje?"

"Wamenenepa."

Hapo Tryphena aliangua kicheko mpaka akalazimika kushika upande wa kidonda, huku anamwambia nyamaza, nyamaza, inauma. Miaka saba walikuwa hawajacheka pamoja. Mlango ukafunguliwa na Daktari Kiilu akatokeza kichwa. Alikuwa kijana wa Kikamba mwenye miwani mizito na mikono ya shati iliyokunjwa, mtu anayesema haraka kana kwamba gari linamngoja nje.

"Nani anacheka kwenye kliniki yangu? Hapa watu huwa wanalia."

Walipomweleza, hakuona haya hata kidogo. Alivuta kiti akakaa nao.

"Ni dawa ya minyoo, sikatai. Hata watoto wenu wameimeza. Lakini huko nje kuna madaktari wanaoona kama inaamsha nguvu ya mwili iliyolala. Sasa angalieni. Uvimbe tumeutoa, lakini mbegu zake huenda zimebaki mahali, hatuzioni. Mwili wenyewe ukiamka, labda utazimaliza. Labda! Hii dawa inajulikana, ni rahisi, haitaki mashine kubwa ya Nairobi. Ikifanya kazi, mama wa Mbololo na mama wa Kitui wataipata dukani. Kwa nini tusijaribu?"

"Na isipofanya kazi?" Zephaniah aliuliza.

"Tutajua haifanyi. Hiyo pia ni kazi." Kisha akawaeleza lile ambalo Tryphena alikuwa ameshaelezwa na kulikubali: kwamba nusu ya wagonjwa walipewa dawa yenyewe, na nusu walipewa tembe za unga mtupu zilizofanana nayo kwa kila kitu. Nani anameza ipi, hata yeye Kiilu hakujua. Walijua watu wa Nairobi tu. Mwisho wa majaribio, dawa ikionekana ni nzuri, wale wa unga nao wangepewa. Akamgeukia Tryphena. "Na pombe marufuku, Mama Priscilla. Hata tone. Haipatani na dawa hii."

"Daktari, mimi ni mama wa kanisa."

"Nawaambia wote. Hata mapadri."

Daktari aliporudi ndani, Tryphena alijifuta machozi ya kicheko. "Baba angelicheka hili mpaka akohoe," alisema.

Laiti asingemtaja. Uso wa Zephaniah ulijifunga palepale. Akachukua kikapu chake, akamtakia afya njema, akaondoka. Tryphena alimwangalia mpaka akakata kona, kisha akaitia bahasha yake kwenye mkoba.

*

Kabla mwaka haujaisha, uvimbe mwingine ukajitokeza kwapani, upande uleule. Mwanzoni ulikuwa kama punje ya mbaazi. Baadaye haukuwa punje tena.

Tryphena alikuwa amewahi kufundisha watoto wa darasa la pili, na akili yake ilipenda mambo yapangwe. Alilipanga na hili pia. Kama uvimbe umerudi, aliwaambia waliomtembelea, basi ni wazi yeye yumo kwenye nusu ya unga. Hajapata dawa bado. Dawa yenyewe ipo, inamngoja, na majaribio yakiisha atapewa, halafu ndipo watu waone. Alisema hivyo kwa furaha kidogo, hata jirani yao Gertrude alitoka pale akisema kwamba Mama Priscilla ana bahati. Matumaini yake yote aliyaweka juu ya unga ule, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyatikisa.

Mama Wakio hakujali unga wala dawa. Alituma neno ranchini kwa dereva wa lori: Zephaniah aje Jumamosi, na asije na visingizio.

Zephaniah alijua anaitiwa nini. Mbololo hakuna asiyejua kwamba hasira ya ndugu haihitaji uchawi. Huhitaji hata kumtakia mwenzako mabaya. Ikikaa moyoni mwako siku nyingi, inatoka yenyewe na kumpata yule uliyemkasirikia, iwe kwa ugonjwa, iwe kwa ajali. Dawa yake ni kutasa. Unajaza kinywa mbangara, ile pombe ya miwa, unaipuliza nje, na kila ukipuliza unasema maneno ya amani mpaka moyo uwe mweupe. Kanisani mambo hayo yalikuwa yamekatazwa, na watu wa kanisa walikuwa wameyaacha kabisa, isipokuwa walipougua.

Siku hiyo Tryphena alikuwa katika siku zake tatu za tembe. Alikuwa amemeza ya asubuhi kwa uji, kama kawaida. Walimkalisha uani kwenye kigoda, kanga mabegani, na Mama Wakio akaleta kibuyu kwa mikono miwili. Walikuwa watatu tu. Mama hakutaka macho ya watu, na hasa hakutaka mchungaji apate habari.

"Mnajua mlipogombania," alisema. "Sitaki kusikia nani alikuwa na haki. Mimi nataka mtoto wangu."

Zephaniah alijaza kinywa, akapuliza upande wa jua linakotoka. "Kama nilikukasirikia, hasira itoke," alisema. Akapuliza tena. "Kama nilinung'unika moyoni, manung'uniko yashuke bondeni na maji. Mlungu akutazame. Uvimbe ukauke, umwone Priscilla wako akiolewa, uzeeke mpaka utuchoshe."

Yalikuwa maneno mazuri na aliyamaanisha. Alitaka apone. Kama angeambiwa akate kidole ndipo dada yake apone, angeliuliza tu kisu kiko wapi. Lakini alipoinua macho aliona migomba, na nyuma ya migomba msalaba wa mbao wa baba uliolala upande, na kile kitu kifuani kikasema kilekile ambacho kimekuwa kikisema kwa miaka saba: alimzika bila wewe. Kilisema mara moja tu na Zephaniah akakimeza.

"Imetoka yote?" mama aliuliza.

"Yote, Mama."

Kwao mwenye hasira akishapuliza, aliyekasirikiwa hunywa iliyobaki, ili isiwe kwamba amani imesemwa upande mmoja. Tryphena alisita kidogo, si kwa sababu ya daktari bali kwa sababu ya mchungaji. Kwake pombe ni ile inayouzwa na kulewesha akina fulani kule Mraru. Hii ilikuwa ya kutasa, na hakuna mtu uani pale aliyekumbuka kwamba vyote viwili hutoka kwenye muwa mmoja. Alikunywa kwa haraka akiwa amefumba macho, mpaka chini, akamrudishia mama kibuyu na kumtabasamia kaka yake.

Hawakuwa wamemaliza kukusanya vitu alipoanza kujipepea kwa kanga. "Joto," alisema. Kisha uso ukamvimba na kuiva, macho yakawa mekundu, akashika kifua akisema moyo, moyo unakimbia. Alitapika uji, akatapika mbangara, akaendelea kutapika hata alipokuwa hana cha kutoa. Akateleza kutoka kwenye kigoda na Zephaniah akamdaka kabla kichwa hakijagonga chini. Ngozi yake ilikuwa ya moto, halafu ghafla ikawa ya baridi na jasho.

Mama Wakio hakupiga yowe. Alisimama na kibuyu mkononi, akamkazia mwanawe macho.

"Zephaniah. Ulibakisha nini?"

Zephaniah alimbeba dada yake mgongoni kama anavyobebwa mtoto mdogo, akaanza kuteremka.

*

Vijana wawili walimsaidia njiani, na barabarani Mraru wakasimamisha lori la mkonge. Zephaniah alipanda nyuma, kichwa cha Tryphena mapajani mwake. Njia nzima alikuwa akisema naye, na watu waliokuwa juu ya mkonge walijifanya hawasikii. Alimwambia asife. Alimwambia kwamba ni yeye, ni roho yake mbaya, na kwamba mtu anaweza kusema maneno yote sawasawa na bado akawa mwongo. Tryphena aliguna tu lori liliporuka mashimo. Zephaniah hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake, na alikuwa mtu aliyewahi kumfukuza simba zizini kwa tochi.

Daktari Kiilu alimlaza, akamtundikia maji, akampima presha akakunja uso. Ilipopita saa moja na mapigo ya moyo yakatulia, alimtoa Zephaniah nje, mpaka kwenye benchi ileile waliyochekea.

"Ataamka. Lakini niambie, amekula nini?"

"Uji."

"Dawa nyingine? Mitishamba? Msinifiche."

"Hapana."

"Amekunywa pombe?"

"Dada yangu? Hapana, daktari. Ni mama wa kanisa." Alijibu bila kusita, wala hakujua kwamba anadanganya.

Daktari alivua miwani, akaisugua kwa pindo la shati. "Basi ni tembe," alisema kwa sauti ya chini. "Kama inaweza kumwangusha mtu hivi bila sababu, lazima nisimamishe. Si kwake tu. Kwa wote. Nina akina mama wengine hapa, wapo wengine Mombasa. Itabidi niandike Nairobi leo."

Zephaniah aliwaza kuhusu akina mama hao asiowajua, kila mmoja na bahasha yake, wanyang'anywe kwa sababu ya moyo wake yeye. Hakuweza kuvumilia.

"Usiandike, daktari. Tembe hazina kosa. Ni mimi."

Akamweleza yote, kwa kigugumizi, macho yakiwa chini: baba, sufuria, miaka saba, mama, migomba. Alieleza alivyopuliza na alivyobakisha. Alisema hasira aliyoificha ndiyo iliyomrukia dada yake alipokunywa ile mbangara.

"Alipokunywa nini?"

"Mbangara. Ya kutasa."

Kiilu alirudisha miwani usoni. "Zephaniah, mbangara si pombe?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Zephaniah aliliona jambo jinsi mtu wa nje anavyoliona, na masikio yakamwaka moto kwa aibu. "Ni pombe," alisema.

Daktari akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshushiwa gunia, na akampiga Zephaniah begani. "Basi ni hiyo! Hakuna hasira hapa, bwana wee. Dawa hii ikikutana na pombe mwilini, wengine hufanya hivihivi: uso unaiva, moyo unakimbia, unatapika matumbo. Ndiyo maana niliwakataza. Asiyekuwa na dawa mwilini asingeanguka hivi kwa kibuyu kimoja. Huna kosa lolote. Nenda ukanywe chai."

Kwa kitambo kidogo Zephaniah aliona mbingu zimefunguka. Hakuwa yeye. Angeweza kurudi Mbololo akamwangalia mama machoni. Alikuwa ameshainuka kutoka kwenye benchi maneno yale yalipomrudia, moja baada ya jingine. Asiyekuwa na dawa mwilini. Aliketi tena.

"Daktari, kwa hiyo tembe zake si za unga."

Kicheko cha Kiilu kilikatika. Alitazama uwanjani, ambako mwanamke mmoja alikuwa akianika shuka za wodi. "Sikupaswa kulisema hilo," alisema. "Wala mimi sikupaswa kulijua."

"Amekuwa akimeza dawa yenyewe tangu mwanzo."

"Inaonekana hivyo."

"Na uvimbe umerudi."

"Umerudi."

Daktari akaendelea, haraka haraka kama kawaida yake. "Mgonjwa mmoja hasemi kitu, Zephaniah. Labda bila dawa ungerudi mapema zaidi. Labda ingekuwa vilevile. Sijui. Ningejua nisingekuwa ninajaribu. Tutahesabu wote mwishoni, ndipo tutasema imesaidia au haikusaidia."

"Lakini yeye hana nyingine inayomngoja."

"Hana." Kiilu alijishika kichwa. "Yeye anaamini ni unga. Amenieleza mwenyewe, kwa furaha. Mimi nitamkataza pombe tena, basi. Lakini akiniuliza waziwazi, sitamdanganya. Wewe ni kaka yake. Fanya unavyoona."

*

Tryphena aliamka jioni jua likiwa bado dirishani. Midomo ilikuwa imekauka, na leso ilikuwa imemtoka kichwani. Jambo la kwanza alilofanya ni kuitafuta kwa mkono. Zephaniah alimfungia mwenyewe, vibaya, kwa vidole vilivyozoea kamba za ng'ombe.

"Nilianguka kwa nini?" alimuuliza.

Zephaniah alikuwa amelifikiria swali hilo tangu alipoachwa kwenye benchi. Akisema ni pombe na tembe, angejiosha mikono. Lakini Tryphena hakuwa mtu wa kuambiwa nusu ya jambo. Angeuliza kama waliopewa unga nao huanguka. Asipomuuliza yeye angemuuliza Kiilu, na kufikia kesho angekuwa amelipanga lote kichwani, mstari kwa mstari, mpaka chini kwenye jibu.

"Daktari amesema pombe usiiguse tena, hata ya kutasa," alisema. "Lakini mimi na wewe tunajua. Ni mimi. Nilibakisha."

Tryphena hakushangaa. "Baba," alisema.

"Ulimzika bila mimi."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo kwa sauti. Lilitoka kavu na dogo, na alishangaa jinsi lilivyokuwa fupi, kitu alichokibeba muda wote huo.

"Nilimzika bila wewe," alisema Tryphena. "Mchungaji angengoja. Nilimwambia asingoje." Alimeza mate kwa shida. "Wewe ulikuwa unakuja nyumbani na sukari na hadithi za simba, na baba anafurahi wiki nzima. Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu. Halafu nilipokuona umesimama pale na matope yako, niliona aibu, nikashika sufuria. Nilikosea, kaka. Nimekuwa nikiona aibu mpaka leo."

Zephaniah aliweka paji la uso wake kwenye ukingo wa kitanda, akalia bila kujificha. Tryphena alimwekea mkono kisogoni, mkono usiotundikiwa maji. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeukia ukutani, maana hata wodini watu wana adabu.

Alipoweza kusema, Zephaniah alichukua kikombe cha bati kilichokuwa kando ya kitanda. Kilikuwa na maji ya kawaida. Alikwenda mlangoni, akajaza kinywa, akapuliza nje upande wa Mbololo, na safari hii hakusema maneno mengi. "Imetoka," alisema. "Dada yangu aishi." Kisha akarudi na kumpa yaliyobaki.

Tryphena alikunywa mpaka chini. Alijilaza, akangoja, mkono kifuani, akisikiliza moyo wake. Zephaniah naye alingoja, ingawa alijua hakuna cha kungojea. Uso haukuiva. Moyo haukukimbia.

"Umeona?" Tryphena alinong'ona, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Sasa imetoka kweli. Hiyo moja imekwisha. Bado dawa tu. Wakimaliza majaribio yao wanipe ile yenyewe, utaona nitakavyopanda Mbololo kwa miguu."

"Nitaona," alisema Zephaniah.

Tryphena alijigeuza ili alale, akainua mkono kuweka mto vizuri, na kwapani, kupitia kitambaa chembamba cha gauni la hospitali, Zephaniah akauona uvimbe, mkubwa kuliko alivyoambiwa. Alimvutia shuka mpaka begani. Hakuwa na hasira na mtu yeyote duniani, alijichunguza mpaka chini kabisa akakuta hakuna hata chembe, na uvimbe ulikuwa palepale.